Pikipiki Inazima Ghafla Kisha Inawaka Tena: Jinsi ya Kuupata Waya Uliolegea kwenye CDI

Kijana wa bodaboda alikuja kwangu Turiani saa nane mchana, anaisukuma pikipiki yake juani. Ni moja ya zile za Kichina zilizoundwa kwa kuiga Honda CG125, ya siku nyingi, tangi limebaki na rangi upande mmoja tu. Mfukoni alikuwa na CDI mbili, kile kisanduku cha umeme kinachoamrisha plagi itoe moto, zote mpya.

"Shikamoo fundi. Nimefunga hii, nikafunga na hii. Inatembea kilomita mbili tatu, inazima kama mtu kageuza ufunguo. Nikipumzika kidogo nikipiga kiki, inawaka."

"Marahaba. Ulipofunga hizi mpya, soketi uliikagua?"

"Soketi si ile ile tu, fundi?"

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Niliushika waya wa kijani unaoingia kwenye soketi ya CDI, nikauvuta taratibu kwa vidole viwili. Ganda likanyooka kama mpira wa manati. Waya mzima haunyooki hivyo. Nilipolichana kwa wembe nikakuta shaba imekatika sentimita moja kutoka kwenye pini, nyuzi zimekuwa nyeusi, ncha mbili zinagusana na kuachana kadiri injini inavyotetemeka. CDI zote tatu, ile ya zamani na zile mbili za dukani, zilikuwa nzima. Na fedha aliyonunulia ilikuwa hesabu ya tajiri wake ya siku kadhaa.

Nimeona hali hii mara nyingi, na kila mara inaniuma. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina tabia yake: kuna kitu kinasogea, au kinapata joto, au kinalowa. Ukijua ni kipi kati ya hivyo vitatu, umeshakaribia waya wenyewe. Ukikimbilia dukani kabla ya kujua, unanunua kwa kubahatisha.

Moto wa plagi unatoka wapi

Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina za bei nafuu tunazopanda leo zimefuata mfano wake. Kwenye hizi zenye CDI ya kizamani, moto wa plagi hauhitaji betri hata kidogo. Ndani ya kifuniko cha upande wa sumaku kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inayozalisha umeme wa kuilisha CDI. Umeme huo unajaza kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, iliyo kwenye bodi ya CDI mpaka kufikia volti mia mbili au tatu hivi. Pembeni ya sumaku kuna koili nyingine ndogo, palsa, ambayo kila mzunguko inatuma ishara moja fupi: sasa. Bodi ikipokea ishara hiyo, kapasita inamwaga mzigo wake wote kwenye koili ya plagi, na plagi inatoa moto.

Kwa hiyo nyaya za CDI ni tano tu. Kwenye nyingi za aina hii rangi zake ni hizi: mweusi wenye mstari mwekundu unatoka kwenye koili ya kulisha CDI, bluu wenye mstari mweupe unatoka palsa, mweusi wenye mstari wa njano unakwenda koili ya plagi, kijani ni ethi (njia ya umeme kurudi kupitia fremu), na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Lakini pikipiki ya zamani imepita mikononi mwa mafundi wengi, na fundi aliyekosa waya wa kijani alitumia mwekundu. Usiamini rangi peke yake. Fuata waya kwa mkono mpaka unapoishia.

Kama hujui pikipiki yako ni ya aina hii au ile inayotegemea betri, kumbuka siku betri ilipokufa kabisa. Kama ilikubali kuwaka kwa kiki na honi haisikiki, ni hii ninayoizungumzia.

Kwanza ondoa shaka ya mafuta

Usifungue kiti kabla ya kujibu swali moja: inazima vipi? Tatizo la mafuta halizimi injini kwa mara moja, kwa sababu kwenye bakuli la kabureta huwa kuna akiba. Injini inalegea, inakohoa, ukivuta kebo ya mafuta inazidi kuzama, halafu inakufa. Tatizo la waya linakata kama kisu. Unakwenda vizuri, mara kimya, unasikia matairi na upepo tu.

Kuna tatizo moja la mafuta linaloiga tatizo la waya karibu kila kitu, nalo ni kifuniko cha tangi kisichopumua. Tundu lake dogo likizibwa na vumbi, tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yaliyoshuka, na mafuta yanagoma kushuka. Pikipiki inazima baada ya kilomita kadhaa, unapumzika, hewa inapenya taratibu, inawaka tena. Siku ikizima, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia "fyuu" na pikipiki ikawaka mara moja, safisha tundu hilo na uachane na nyaya.

Ikizima tena, na hapa lazima uwe mwepesi kabla haijapona yenyewe, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze ikigusa chuma cha injini mbali na tundu la plagi na mbali na kabureta, piga kiki. Ikitoa moto wa bluu wenye mlio, rudi kwenye mafuta. Isipotoa, weka plagi nyingine unayoijua ni nzima ujaribu tena. Usipige kiki wakati kofia ya plagi inaning'inia hewani bila plagi: umeme ukikosa njia unajitafutia njia yake ndani ya koili au ndani ya CDI, na hapo utakuwa umeua kifaa kilichokuwa kizima.

Inazima popote, bila mpangilio, hasa kwenye barabara mbovu

Hii ndiyo ya waya uliolegea hasa. Anza na ule mweusi wenye mstari mweupe, wa kuzimia, kwa sababu kuupima ni kazi ya dakika moja na watu wengi hawaujui unavyofanya kazi. Kwenye CDI hizi, kuzima injini si kukata umeme. Ufunguo unapozima unaunganisha waya ule na ethi, na CDI inanyimwa chakula. Maana yake, waya huo ukichubuka mahali popote njiani ukagusa fremu, pikipiki inazima kana kwamba umegeuza ufunguo. Ndiyo maneno yale yale aliyoyasema kijana.

Utoe waya huo kwenye soketi ya CDI, mmoja tu, nyingine ziache, kisha piga kiki. Moto ukirudi, CDI yako haina kosa. Tafuta mchubuko kwenye shingo ya usukani, chini ya tangi, na ndani ya swichi ya ufunguo. Kumbuka tu kwamba pikipiki haitazima kwa ufunguo wakati waya huo umetoka. Itabidi uiweke gia, ushike breki na uachie klachi taratibu ife.

Moto usiporudi, zamu ni ya ethi. Waya wa kijani una kazi kubwa kuliko nyingine zote, maana umeme wote unaotoka lazima urudi, na ndiyo unaosahauliwa zaidi. Ufuate mpaka kwenye bolti ya fremu. Mara nyingi utakuta kibati chake kimefungwa juu ya rangi, au kimekaa katikati ya kutu. Fungua, kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, funga kwa washa (pete ya chuma) yenye meno, paka mafuta ya mgando juu yake.

Kisha rudi kwenye soketi yenyewe. Washa injini iwe sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, chukua kijiti kikavu cha mti, usukume waya mmoja mmoja, kulia, kushoto, ndani, nje. Nasema kijiti kwa sababu nyaya hizi zina umeme unaoweza kukurusha. Nyaya za betri ni volti 12, hizi sizo. Waya ukiguswa na injini ikatetereka, umempata mwenyewe. Usisukume nyaya zote kwa pamoja kwa kiganja kama wengi wanavyofanya. Utaona injini inazima, utafurahi, lakini hutajua ni upi.

Inazima ikipata moto, inawaka ikipoa

Hapa watu wengi wanasema CDI imechoka. Inawezekana. Lakini kabla ya kusema hivyo kuna vitu viwili vinavyotangulia.

Cha kwanza ni palsa. Imekaa karibu na injini, inakula joto siku nzima, na waya wake mwembamba kama unywele ukikatika ndani unaweza kugusana ukiwa wa baridi na kuachana ukipanuka. Pima kwa mita ohmu zake, yaani ukinzani wa waya wake, asubuhi injini ikiwa baridi, uandike. Kwenye nyingi za aina hii utapata kati ya ohmu 90 na 250. Halafu pima tena dakika ile ile inapozima ikiwa ya moto. Ikipanda kidogo ni kawaida, shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Ikiruka mpaka mita ionyeshe hakuna njia kabisa, palsa imekufa. Koili ya kulisha CDI nayo ipime hivyo hivyo. Kwa kawaida inakuwa kati ya ohmu 150 na 450. Kama una shaka na namba, omba jirani mwenye pikipiki kama yako inayotembea vizuri, pima ya kwake. Mimi naiamini njia hiyo kuliko jedwali lolote, kwa sababu sumaku za viwanda tofauti hazifanani.

Cha pili ni mguso wa risasi ya kulehemia uliopasuka kwenye bodi. Pale pini ya soketi inapopita kwenye bodi ya CDI, risasi inayoishikilia hupata mtetemo miaka na miaka. Inapasuka kwa mviringo kuizunguka pini, ufa mwembamba kuliko unywele. Bodi ikiwa ya baridi pini inagusa, ikipata joto vitu vinapanuka kila kimoja kwa kiasi chake, mguso unakatika. Kuupima ufa huu huna haja ya kutembea kilomita tano. Azima draya saluni, ipashe CDI moto taratibu injini ikiwa inanguruma sailensa, dakika moja au mbili, umbali wa kiganja. Ikizima, weka kitambaa chenye maji kilichokamuliwa vizuri juu ya kasha, ukikwepa soketi. Ikipoa na kuwaka, na ikirudia hivyo mara tatu, ugonjwa uko ndani ya kasha.

Kifuniko cha tangi nilichokitaja mwanzo nacho huleta dalili hii hii. Ndiyo maana nimekitanguliza.

Inazima usukani ukikata kona

Usiiguse CDI. Nyaya zote zinazotoka mbele zinapita kwenye shingo ya usukani, zinakunjwa na kunyooshwa kila kona. Zikifungwa na tepu kwa kubanwa sana zinakatika, zikiachwa zining'inie zinasagwa na kizuizi cha usukani. Geuza usukani mwisho kwa mwisho injini ikiwa inawaka, usikilize.

Inasumbua mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa

Nenda usiku mahali penye giza, nyunyiza maji kidogo kwenye kofia ya plagi na kwenye waya mnene wa koili. Ukiona cheche za bluu zinatambaa juu ya mpira, umeme unavujia hapo. Kama hakuna, fungua soketi za CDI utazame kutu ya kijani. Mashine za kuoshea za shinikizo la maji zinaingiza maji mahali ambapo mvua ya mwezi mzima haifiki, kwa hiyo mwambie muoshaji asielekeze chini ya kiti.

Taa zinapepesa, balbu zinaungua kila wiki

Hiyo si CDI, ni regyuleta, kifaa kinachozuia volti zisipande kupita kiasi, iliyokosa ethi. Ikikosa pa kushushia umeme wa ziada, volti zinapanda pamoja na mzunguko wa injini na balbu zinakufa. Kaza bolti yake, safisha kibati, pima kwenye betri injini ikiwa na mwendo. Ukiona kati ya volti 13.5 na 14.8, umemaliza.

Mita inaposema waya ni mzima na pikipiki inasema hapana

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu limewapoteza mafundi wengi wazuri. Waya una nyuzi kumi na kitu za shaba. Zikikatika zote ukabaki uzi mmoja, mita itapiga mlio kama kawaida, kwa sababu inatuma umeme mdogo sana ambao uzi mmoja unauweza. Kesho yake uzi huo nao unakatika. Na kama ncha zilizokatika zinagusana na kuachana, mita ya namba inabadilisha namba zake mara mbili au tatu tu kwa sekunde. Mkatiko wa kufumba na kufumbua haiuoni, lakini injini inauona.

Fanya hivi. Chomoa waya pande zote mbili, usiwe umeungana na CDI wala koili yoyote. Chukua balbu ndogo ya dashibodi, ya wati tatu hivi, uiunganishe na betri kwa kupitia waya unaoushuku. Balbu ikiwa inawaka, tembeza vidole kwenye waya sentimita kwa sentimita, ukiukunja kidogo kila mahali. Macho yaangalie balbu. Pale itakapopepesa, weka alama kwa kalamu. Mara nyingi sana alama itaangukia ndani ya sentimita mbili kutoka kwenye soketi au kutoka kwenye kiungo cha zamani cha risasi.

Kwa nini hapo? Risasi inapoyeyuka inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ziwe kijiti kimoja kigumu. Waya uliobaki ni laini. Mtetemo wote unakusanyika kwenye mpaka wa kigumu na laini, na shaba inakunjwa hapo maelfu ya mara kwa siku mpaka inachoka. Fundi aliyelehemu vizuri sana bila kuushikilia waya ametengeneza mahali pengine pa kukatikia.

Na usisahau vibati vya kike ndani ya soketi. Vikipanuka, pini ya kiume inacheza ndani. Chomoa soketi, chukua pini ya kiume moja iliyotoka kwenye soketi mbovu, iingize kwenye kila kibati peke yake. Inatakiwa ibane, uisikie inakataa kutoka. Ikiteleza, kibane kibati hicho kwa ncha ya sindano kutoka pembeni.

Kuirudisha bodi

Kasha nyingi za CDI zimejazwa gundi ngumu nyeusi kama lami iliyokauka. Ikiwa ngumu kama jiwe na ufa uko ndani, usipoteze siku yako. Ukiichimba unang'oa vipande vya bodi pamoja na gundi. Hapo ndipo mahali halali pa kununua nyingine. Lakini ikiwa imejazwa mpira laini, au ina kifuniko cha nyuma na bodi inaonekana, au waya umekatika pale unapotokea kwenye kasha, inatengenezeka.

Zima, chomoa soketi zote, subiri dakika chache, kisha unganisha miguu miwili ya kapasita kwa rezista (kifaa cha kupunguza umeme) ya kilo-ohmu 10 hivi, ili kama kapasita imebaki na umeme utoke. Safisha bodi kwa spiriti na mswaki laini. Tazama kila pini kwa kamera ya simu, ukuze picha, na tochi iangaze kutoka pembeni, si kutoka juu. Mwanga wa pembeni unautia ufa kivuli, utauona kama pete nyeusi kuizunguka pini.

Tumia pasi ya kulehemu ya wati 30 au 40, ncha safi inayong'aa. Risasi iwe ile ya mafundi redio yenye dawa ndani, mchanganyiko wa bati 60 kwa 40 ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto mia na themanini na kitu. Asidi ya mafundi rejeta usiilete karibu na bodi. Inashika vizuri leo na baada ya miezi michache imekula shaba. Kupaka risasi mpya juu ya ile iliyopasuka hakutoshi. Nyonya ya zamani yote, paka dawa, gusisha ncha kwenye pini na kwenye shaba ya bodi kwa wakati mmoja, hesabu mbili, kisha lisha risasi. Toa pasi. Usipulize, usitikise, iache igande yenyewe. Kiungo kizuri kinapanda kuizunguka pini kama kichuguu chenye mteremko laini. Kikikaa kama tone la maji juu ya jani, hakikushika. Fanya kazi hii mahali penye hewa, na unawe mikono kabla ya kushika chakula.

Waya wenyewe ukate kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi hata uiombe. Ukikosa urefu, ongeza kipande chenye unene ule ule, na mpira wa kusinyaa uuvishe kabla ya kulehemu. Katikati ya safari ya waya, mbali na bodi, mimi napendelea kibati cha kubana kwa koleo lake kuliko risasi, kwa sababu ile niliyoeleza ya kigumu na laini.

Sasa ushikilie. Waya ubanwe kwenye kasha sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kiungo, ukiwa na ulegevu kidogo kati ya hapo na kiungo, ili mtetemo uishie kwenye kibano. Ukitaka kuziba tundu kwa silikoni, nusa kwanza. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na itaitia shaba kutu. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Mwisho tazama ule mpira unaoibeba CDI kwenye fremu. Kwenye pikipiki za zamani mara nyingi umeshapotea, CDI imefungwa kwa waya wa kufungia mabanda, inagonga chuma mchana kutwa. Kata kipande cha tyubu ya ndani ya tairi, uifunge nacho mizunguko miwili, ikae imebanwa bila kugusa chuma popote.

Kuijaribu

Pikipiki ya yule kijana ilitaka kibati kipya cha soketi, sentimita nne za waya wa kijani na kipande cha tyubu. CDI yake ya zamani ndiyo iliyorudi kwenye nafasi yake. Hizi mpya nilimwambia azifunge kwenye nailoni na kuziweka chini ya kiti.

Kabla hajaondoka tuliiacha inanguruma robo saa mpaka injini ikawa ya moto kabisa. Nikaligonga kasha la CDI kwa mpini wa bisibisi, nikageuza usukani kulia na kushoto, nikatikisa ufunguo kwenye swichi yake, nikazima na kuwasha mara tano kuhakikisha waya wa kuzimia umerudi kazini. Kisha tukaenda kwenye ile barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, yeye mbele na mimi nyuma yake nikisikiliza mlio, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Tuliporudi nilifungua kiti, nikavuta kila waya kwa vidole viwili, mmoja mmoja, nikausikia kila mmoja unakataa.